Upande wa Jicho Zima

Gari si langu, ni la bosi, nimeliazima Jumapili moja
pamoja na nusu tangi. Mayu Kwandu kaketi kushoto,
mkoba mapajani, kandambili kazivua kaziweka chini ya kiti
kana kwamba tumeingia sebuleni kwa mtu.

Tukapita uwanja wa ndege, tukaiacha Mwanza nyuma
na nyumba zake zilizoparamia mawe kama pimbi,
na barabara ikaanza vituko vyake:
inapanda, inakunja kona chini ya miamba,
inalichungulia ziwa, inalikimbia, inalirudia,
kama mchumba asiyejua aage au abaki.

"Tazama, Mayu," nasema, "ziwa hilo!"
Lilikuwa limelala wazi, kijani kwa gugumaji huku kandoni,
kule mbele jeupe kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu,
na minandi wamejipanga juu ya jiwe moja, mabawa wameyaanika.
Hakugeuka.
Nilikuwa nimesahau. Mwaka ule wa kokoto
chembe iliruka kutoka chini ya nyundo
ikalichukua jicho la kushoto
na upande wote wa kushoto wa dunia.

Kwa hiyo kwenda kwetu kulikuwa mlima tu.
Macho yangu mimi aliyaruka, akatazama dirisha langu,
akaita miamba kama mwalimu anayeita mahudhurio.
Lile tulilichoma kwa matairi siku mbili,
tukalimwagia maji, likasema paa.
Lile liligoma.
Lile lilimuua Malimi, mume wa Ngolo, mchana, akiwa anacheka.
Lile lenye jingine kichwani tuliliacha. Tuliona haya:
nani amtue mwenzake mzigo asioulalamikia?

Nakumbuka kipande cha tairi alichokikata duara,
anaivisha kokoto isimtoroke, kisha nyundo:
ko, ko, ko. Nililala kwa mlio huo, niliamka nao.
Ndoo moja shilingi mia mbili. Ila lori likija
ndoo hazihesabiwi tena kwa kinywa cha mwanamke,
zinahesabiwa kwa kalamu ya Lushinge.
Halafu wakaja wenye kopo la rangi nyekundu,
wakachora X kwenye ukuta wa jiko letu,
na barabara ikapita palipokuwa na mafiga.

"Simama."
Nikasimama. Akashuka pekupeku,
akachuchumaa ukingoni, akaiwekea lami kiganja
kama anavyomgusa mtoto shingoni kujua kama ana homa.
"Wamezifunika sana," akasema. "Sioni hata moja yangu."

Kayenze tulikula sato kwa shangazi. Tukapewa dagaa nusu gunia,
na gari la bosi likaanza kunuka ukweli.

Kurudi, ziwa likahamia upande wa jicho zima.
Nikapunguza mwendo, nikajibana kwenye kiti nisimkinge.
Lote lilikuwa lake: visiwa, mitumbwi, wale wadudu
wanaofuka juu ya maji kama moshi wa nyumba isiyoonekana.
Alilitazama kidogo, kwa adabu,
kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi asiyoalikwa.
"Zuri," akasema. "Kumbe lilikuwepo siku zote, nyuma ya mgongo wangu."

Nikatafuta la kujibu, tukawa tumefika daraja dogo.

"Polepole hapa. Kuanzia daraja hili
mpaka jiwe lenye jingine kichwani, ni pangu.
Ndoo arobaini na mbili. Lushinge hajanilipa."

Nikaingiza gia ya pili, nikawasha taa za tahadhari.
Nyuma yetu lori la ng'ombe, bodaboda tatu,
kanta moja ya mchanga, wote honi, honi.
Mayu akatoa mkono dirishani bila kugeuka,
akawapungia wapite, mmoja mmoja, taratibu,
kama mwenye nyumba kwa wapangaji
ambao hajaamua bado kuwadai.